Mti wa Krismasi ulivyofika Ufipa, na msaiprasi wa babu tulioukata kiunoni

 

Wiki hii nilipanga kuandika juu ya viwavijeshi kwenye mahindi, na nitaandika, msiwe na wasiwasi. Lakini ndani ya siku nne watu watatu wameniuliza swali moja: mti wa Krismasi nikate wapi? Wa kwanza ni mama mmoja mwenye duka pale senta, anataka kuupamba mlangoni ili wateja wavutike. Wa pili ni kijana wa bodaboda ambaye amepata wazo la kupeleka miti kumi Namanyere kuuza. Wa tatu ni mwanangu wa darasa la tatu, ameona picha kwenye kalenda.

Nikaona nisijibu kwa mkato. Ukitaka kujua mti wa kukata, ni vizuri kwanza ujue mti huo umefikaje hapa, kwa sababu haukuota wenyewe.

Tazama tambarare yetu. Tuko juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na milima ya Mbizi inazidi hapo. Sehemu kubwa ni nyasi. Misitu ya asili iliyobaki ni vipande, kama ule wa Mbizi juu ya Sumbawanga wenye mbega wekundu, na miombo ya kwenye miteremko ya kushukia Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa. Hali hii si ya jana. Wafipa wa zamani walilima kwa namna iliyofaa nchi isiyo na miti. Majirani zetu Wabemba wa upande wa Zambia walikata matawi, wakayarundika na kuyachoma, kisha wakapanda kwenye majivu. Sisi tulitengeneza intumba: unalima nyasi na udongo, unafunika kuwa tuta la mviringo, nyasi zinaoza ndani, kisha msimu unaofuata unatawanya na kupanda ulezi. Hiyo ni mboji, ndugu zangu. Mnaponiona nahimiza mboji mkasema ni mambo ya wazungu, muulizeni bibi juu ya intumba.

Pamoja na hayo, miti michache iliyokuwepo ilikuwa na kazi nzito. Ufipa ilijulikana kwa chuma. Wahunzi walijenga tanuru ndefu za udongo, ilungu, nyingine zikizidi mita 3 kwenda juu, na mabaki yake bado yanaonekana sehemu mbalimbali za tambarare hii. Tanuru ile ilikula mkaa, na mkaa ni miti migumu. Sisemi wahunzi ndio waliomaliza miti. Moto wa kila kiangazi, mashamba na mifugo navyo vina sehemu yao. Ninachosema ni kwamba mti kwa babu zetu ulikuwa jembe, ulikuwa nguzo, ulikuwa kuni. Kukata mti ili ukae sebuleni siku kumi ukipambwa halafu utupwe, hilo lisingemwingia mtu akilini.

Basi wazo hilo limetoka wapi? Limetoka Ulaya, na hapa nina jambo ambalo lilinifurahisha sana nilipolisoma. Katika mji mdogo wa Sélestat, eneo la Alsace ambalo leo ni Ufaransa, kuna kitabu cha hesabu za mji cha mwaka 1521. Humo kumeandikwa malipo ya shilingi 4 kwa mlinzi wa msitu, ili ailinde miti kuanzia siku ya Mtakatifu Thomas, yaani tarehe 21 Desemba. Watu walikuwa wakiingia msituni na kujikatia miti ya sikukuu. Hii ni mojawapo ya kumbukumbu za zamani kabisa za mti wa Krismasi duniani, na inahusu mshahara wa bwana misitu! Miaka 500 imepita na sisi maofisa bado tunafanya kazi ileile mwezi uleule.

Mila ikaenea katika nchi za Wajerumani. Uingereza iliingia kwanza kwenye nyumba ya kifalme, lakini kilichoitia moto ni picha iliyochapishwa gazetini London mwaka 1848, ikimwonyesha Malkia Victoria, mume wake Albert aliyekuwa Mjerumani, na watoto wao wakiuzunguka mti. Kila familia yenye uwezo ikataka wake. Marekani inasimuliwa kwamba mwaka 1851 mkulima mmoja wa milima ya Catskill, Mark Carr, alijaza miti kwenye magari mawili ya kukokotwa na ng'ombe, akaishusha New York, akakodi kipande cha njia ya miguu sokoni kwa dola moja, akauza yote. Kijana wangu wa bodaboda, wazo lako si jipya, na si baya.

Ila Carr alikata ya porini. Haikuchukua muda watu wakaanza kulalamika kwamba misitu inaharibiwa kwa ajili ya sikukuu moja. Mwaka 1901 mkulima mwingine, W. V. McGalliard wa New Jersey, akapanda miche 25,000 shambani kwake kwa lengo hilo moja, kuja kuiuza Krismasi. Yaani walihama kutoka kuvuna walichokikuta na kuanza kulima. Mkulima wa mahindi halalamikiwi kwamba ameharibu mahindi.

Huku kwetu dini ilitangulia, mti ukafuata baadaye. Mapadre wa White Fathers walipokea kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na tangu mwaka 1891 Askofu Lechaptois akawa ndiye mkuu wa misheni za upande huu. Kutoka ziwani walipanda hadi kwenye tambarare, na Kate ni kati ya misheni za zamani za Ufipa. Misheni ilihitaji mbao za paa, milango na mabenchi, na nchi ilikuwa nyasi. Kwa hiyo kila palipojengwa kanisa palipandwa miti. Ndiyo maana hata leo ukiwa mbali ukaona kundi la milingoti na misaiprasi limesimama peke yake juu ya kilima, unajua pale pana kanisa, shule au boma la zamani.

Huo msaiprasi wenyewe si wa Ulaya. Kwao ni Mexico na nchi jirani za Amerika ya Kati. Jina lake la kitaalamu ni Cupressus lusitanica, maana yake msaiprasi wa Ureno, kwa sababu Wazungu walioupa jina waliujua kutokana na miti iliyopandwa Ureno. Idara za misitu za kikoloni zikaueneza Afrika Mashariki kwa ajili ya mbao, kwenye nyanda za juu zenye baridi kama zetu. Mpaina wa majani marefu yanayoning'inia, ambao mnauona kwenye mashamba ya miti, nao ni wa Mexico. Kwa hiyo mila ilitoka Ulaya, mti ukatoka Mexico, vikaja kukutana juu ya kilima cha Ufipa. Msaiprasi mchanga una umbo la pembetatu, uko kijani mwaka mzima, unanukia ukiukata. Mtu aliyewahi kuona picha ya kadi ya Krismasi akiuona tu anasema, ndio huu.

Kwenye vijiji vingi miti hii haikuishia kwa mapadre. Mwaka 1980 kulikuwa na kampeni ya Misitu ni Mali, wazee mnaikumbuka, redioni na kwenye vikundi vya elimu ya watu wazima. Babu yangu mzaa baba alikuwa kwenye kikundi kimojawapo. Alipata miche 20 ya msaiprasi, akaipanda mpakani mwa shamba lake, mstari mmoja ulionyooka kama kamba. Alikuwa mtu wa kuhesabu. Alisema mti huu ni wa miaka 25 hadi 30, kwa hiyo nyumba ya bati ni ya watoto, na sanduku ni langu. Alisema hivyo akicheka.

Kisha ukaja wadudu. Mwaka 1986 Malawi waligundua chawa mdogo wa rangi ya kahawia anayefyonza matawi ya msaiprasi. Hakukawia kuvuka kuja Tanzania, na kufikia mwaka 1990 alikuwa ameshafika Kenya. Misaiprasi ilikauka kuanzia ndani, ikawa myekundu kama imeunguzwa moto. Kwenye mstari wa babu ilikufa tisa. Baadaye, katikati ya miaka ya 1990, wataalamu walianza kuachia nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya chawa yule, na tatizo likapungua ingawa halikuisha. Babu hakungoja nyigu. Mwaka 1995 aliziba mapengo kwa miche mipya tisa.

Sasa nifike kwenye yaliyonifanya niandike haya. Krismasi ya mwaka 1998 nilikuwa na miaka kumi. Mpaka hapo mti wa Krismasi nilikuwa nimeuona kanisani tu, matawi yaliyozungushiwa pango. Tarehe 22 Desemba baba mdogo alikuja kutoka Sumbawanga mjini na familia yake, akiwa na zawadi, mchele, na sanduku la taa ndogo za rangi. Akasema mwaka huu nyumba ya mzee lazima iwe na mti. Kesho yake asubuhi tukatoka, baba mdogo mbele na panga, shangazi, na sisi watoto saba nyuma tukiimba nyimbo za kwaya, matope mpaka kwenye vifundo. Sijawahi kwenda shamba kwa furaha namna ile. Babu alikuwa ametoka alfajiri kupeleka mahindi mashine.

Ile mikubwa ya mwaka 1980 ilikuwa mirefu kupita kiasi. Tukachagua mmoja wa ile michanga tisa, uliokuwa mzuri kuliko yote. Ulikuwa na mita mbili na nusu hivi. Shangazi alisita, akauliza, "Mzee amekubali?" Baba mdogo akajibu kwamba hatuuui, tunakata juu tu, utachipua. Akaukata usawa wa kiuno. Tukaubeba kwa zamu kama tumebeba mfalme.

Tuliusimika kwenye debe la mchanga. Tukaweka pamba kuwa theluji, ingawa hakuna aliyeijua, karatasi za fedha za pakiti za sigara, maputo, na kadi za miaka iliyopita. Zile taa tukazizungusha vizuri sana. Umeme hapakuwa. Taa zilikaa pale mpaka mwaka mpya bila kuwaka hata moja, na hakuna aliyeona ajabu.

Babu alirudi mchana. Aliutazama mti, akaweka mfuko wa unga chini, akatoka kwenda shambani, akarudi. Hakufoka. Alimuuliza baba mdogo, "Huu ulikuwa na miaka mingapi?" Baba mdogo akasema hajui. Babu akasema, "Mitatu." Basi. Sikukuu tulikula vizuri, na kila aliyekuja alisifia mti wetu.

Na kweli ulichipua. Baba mdogo hakusema uongo. Ila msaiprasi ukiukata kilele ukaacha matawi ya chini, matawi hayo ndiyo yanayojiinua kushindania nafasi ya kiongozi. Wetu ulitoa vilele vitatu. Ikawa mti wa mikono mitatu inayoanzia kiunoni, mnene, wenye kivuli kizuri, na mbuzi waliupenda.

Babu alifariki mwaka 2016, mvua zilikuwa zimeanza. Mikubwa ya mwaka 1980 ilikuwa imekwisha, ilishaezeka nyumba ya baba na kulipa ada, ikiwemo ya chuo changu. Ilibaki ile tisa, miaka 21. Mafundi wa kuchana mbao walikuja na chenso, na bila kuuliza wakaenda kwenye ule mnene kuliko yote. Wakauzunguka mara mbili. Fundi akaniambia, mwalimu (huwa wananiita hivyo), huu una gogo la mita moja, huko juu ni kuni. Sanduku linataka ubao wa futi saba. Nilikuwa nimesimama na baba mdogo. Hakuna aliyezungumza. Wakaukata wa pembeni yake, ambao haukuwa na kosa lolote isipokuwa wembamba, na mbao zikaungwa ili upana utoshe.

Nilipokuwa chuoni nilijifunza jambo ambalo lingeuokoa ule mti, na linachukua dakika tano. Msaiprasi mchanga uliokatika kilele, iwe kwa panga, kwa ng'ombe au kwa upepo, urudie mvua inayofuata. Tazama matawi yaliyojiinua, chagua moja lililonyooka kuliko mengine, mengine yakate usawa wa shina. Mti unarudi kuwa na kiongozi mmoja. Kona itabaki kidogo pale chini lakini gogo utalipata. Tungefanya hivyo Desemba 1999, babu angekuwa na mti. Ukisubiri miaka mitano vilele vikawa vinene, umechelewa.

Ukikata msaiprasi chini kabisa bila kuacha tawi lolote la kijani, hapo umeua. Si kama mlingoti unaochipua kwenye kisiki. Wengi mnachanganya haya mawili.

Sasa nijibu maswali yenu.

Mama wa duka: huhitaji mti mzima. Misaiprasi inayokuzwa kwa mbao inapaswa kupunguzwa matawi ya chini ili ubao usiwe na mafundo. Kazi hiyo mwenye shamba anaifanya hata bila Krismasi. Muombe matawi matatu marefu, yafunge pamoja kwenye ndoo ya mchanga wenye maji, utapata umbo na harufu ileile. Nairobi wenzetu wanauza matawi ya msaiprasi barabarani kila Desemba na watu wananunua. Maji uongeze kila siku, yakikauka majani yanapukutika ndani ya siku chache, na usiweke mshumaa karibu. Msaiprasi mkavu unawaka kama petroli.

Kijana wa bodaboda: tafuta mwenye shamba aliyebananisha miche. Wapo wengi hapa. Nafasi ya kawaida ni mita 3 kwa mita 3, inayotoa miti kama 450 kwa ekari, lakini wengi mmepanda kwa hatua moja moja mkihofia itakufa, kisha haikufa. Shamba hilo lazima lipunguzwe, la sivyo yote inakuwa fito. Ile inayotakiwa kutoka, yenye miaka mitatu au minne, ndiyo mti wako wa Krismasi. Mwenye shamba anafurahi, wewe unapata mzigo, na inayobaki inapumua. Patana naye kwa maandishi, hata karatasi ya daftari. Halafu kumbuka kwamba mti ni wako ukiwa shambani kwako, lakini ukiufunga kwenye pikipiki kwenda kuuza mji mwingine umekuwa zao la misitu. Pitia kwa mtendaji upate barua, uende kwa afisa misitu wa wilaya uulize kibali na hati ya kusafirishia kabla hujafunga mzigo. Ukishafika kizuizini bila karatasi, hata mimi sitaweza kukusaidia. Na usiguse Mbizi wala mashamba ya miti ya serikali, hata tawi.

Kama unaona biashara ina njia, fanya alivyofanya yule mkulima wa New Jersey. Tenga kipande kidogo ambacho mahindi hayafanyi vizuri, panda msaiprasi mita moja kwa mita moja, palilia miaka miwili ya kwanza, zungushia njia ya moto kabla ya kiangazi. Kuanzia mwaka wa tatu uza mmoja, acha mmoja. Usiponunuliwa Krismasi hii hujapata hasara, umeongezeka futi tatu. Kagua matawi ya ndani kila mwezi wa kiangazi. Ukiona yanakuwa mekundu na yananata kama yamepakwa asali, niite mapema.

Mwanangu naye nimemjibu. Nyuma ya nyumba kuna misaiprasi niliyoipanda mwaka 2021, miwili imekaribiana sana, mmoja lazima utoke. Nimemwambia achague yeye, ila kabla hajachagua aikague yote miwili, aseme upi umenyooka. Ameenda kuitazama mara nne. Tutaukata Jumamosi asubuhi, mimi, mama yake na yeye.

Miche ya msaiprasi na mgrevilea ipo kwenye kitalu nyuma ya ofisi ya kata, na ardhi sasa imelowa vya kutosha kupanda. Njoo kabla ya saa nne, na uje na mfuko wa kubebea, maana mara ya mwisho watu waliibeba mkononi udongo ukamwagika njiani.